Nduku Saba

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza, na imeanza na mimi. Bati limevuja juu ya printa. Si juu ya kiti cha wateja, si juu ya kalenda. Juu ya printa. Nimesukuma meza hadi ukutani, nikafunika mashine na gunia la plastiki, nikangoja stima itulie. Saa mbili nimewasha kompyuta. Yule mwanamke wa ndani ya mashine akakohoa kidogo kama kawaida yake, akasema, "Haya, karibu," kifuniko cha sufuria kikaanguka huko nyuma yake, akacheka, akamalizia, "Kaa wima." Nikamjibu, "Nimekaa, mama." Miaka kumi na miwili namjibu. Audrey wa saluni, ambaye tunagawana ukuta wa mabati, anasema iko siku atanipeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Eddah mwanangu, ukisoma daftari hili nikiwa sipo, ujue sauti hiyo ilikuja na mashine. Baba yako alichukua Windows XP, ile ya zamani, akaifungua kama mtu anavyofungua redio, akatoa takataka, akaweka vyake. Pale palipoandikwa Start akaandika Anza. Pipa la kutupia faili akaliita Jalala. Kile kilima cha kijani kikaondoka, ikaja picha ya reli inavyokata Lindi, mtaa wetu hapa Kibera. Chini pembeni akaandika N7. Mashine iliyokuwa inangoja kuuzwa chuma chakavu ikaamka, ndiyo imekusomesha. Nilimuuliza sauti ni ya nani, akasema, "Imekuja tu hivyo." Nikaiacha hapo, nilikuwa na kazi za watu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nimechapa programu mbili za mazishi, vile vijitabu vya ibada, moja ya Siaya, moja ya Busia. Wino mweusi unaisha.

Alhamisi, 20 Machi

Leo ameingia mzee mmoja na koti la mvua la kijani, mkoba ameukumbatia kifuani. Hakusema anataka kuchapa au kuskani. Alisimama akitazama skrini yangu mpaka nikajiuliza kama nimeacha kitu kibaya wazi. Nikamwuliza anasaidiwaje. Akasema anaitwa Mutuku, fundi wa kompyuta kutoka Kawangware, alimjua mume wangu, na pole kwa msiba.

Obiero ana miaka minne chini ya udongo. Pole ya miaka minne ilikuwa imekwama wapi, Satellite huko kwao Kawangware?

Halafu akauliza kama hii ni mashine ileile. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mama Eddah, unaweza kuizima halafu uiwashe tena?"

Mimi si mtoto. Nimekaa kwa biashara hii miaka mingi, nimeona matapeli wa kila rangi, na kila mmoja ana kitu kimoja kidogo anataka ukifanye kwanza. Nikamwambia mashine yangu inazimwa jioni nikifunga. Akashukuru, akatoka. Baadaye ndipo nilipokumbuka: aliniita Mama Eddah, na mimi jina la mtoto wangu sikumpa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimebadilisha kufuli.

Jumatatu, 24 Machi

Saa mbili kasoro, nikifungua, nimemwona chini ya baraza la Audrey. Koti lile la kijani. Mvua ilikuwa inapiga hadi matope yanaruka. Niliwasha mashine, nikajibu salamu yangu, nikageuka kumtazama, na alikuwa amekwenda.

Jumatano, 26 Machi

Tena. Wakati uleule. Anasimama, nawasha, anaenda. Audrey anasema huyo anasoma saa zangu, anataka kujua nafungua lini na nafunga lini. Amesema wezi wa siku hizi hawana haraka. Nimemwambia aache kunitisha, lakini nimehamisha vitambulisho vya wateja, nimevifunga ndani ya kabati.

Ijumaa, 28 Machi

Tena. Na leo mvua ilikuwa ya mawe. Mtu anatoka Kawangware kuja Lindi kusimama kwenye mvua ya mawe?

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimemkamata. Nilitoka na mwavuli, Audrey nyuma yangu na kitana mkononi, nikamwambia bwana, sema shida yako hapa mbele ya watu. Hakukimbia. Aliomba aingie, akaketi, akatoa daftari kubwa mkobani.

Yote aliyosema nayaandika, kwa sababu kama ni uongo nataka niukumbuke vizuri. Amesema anakusanya historia ya matoleo haya ya XP yaliyotengenezwa na mafundi. Eti Obiero hakuwa peke yake. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Kawangware alipunguza XP mpaka ikatosha kwenye zile mashine kuukuu zilizoletwa kama msaada. Akamnakilia mwenzake. Mwenzake akaongeza kinga ya virusi, mwingine akabadilisha picha, mwingine akaweka maneno ya Kiswahili. CD zikavuka kuja Kibera zikiwa zimefichwa kwenye majalada ya Biblia, yale ya zipu, maana ilikuwa kazi ya kukamatwa. Jirani zetu wa Sarang'ombe wakatoa yao, sisi Lindi tukatoa yetu. Anasema hata Poland na Brazil watu walikuwa wanafanya vivyo hivyo, na leo wanazitafuta hizo nakala, wanaonyeshana mtandaoni, wanabishana nani alianza nini. Zetu hakuna anayezijua. Yeye amepata thelathini na nane.

Aki niliguswa kidogo, siwezi kudanganya. Mpaka alipofungua ukurasa wa Obiero na kuanza kusoma kwa kidole.

Nduku Moja, 2009. Nduku Mbili. Nduku Tatu. Mpaka Nduku Sita. "Na hii yako ndiyo Nduku Saba," akasema. "Ndiyo pekee imebaki duniani."

N7. Miaka kumi na miwili naitazama hiyo N kila siku. Nilidhani ni Nairobi.

Nikamwuliza, "Nduku ni nani?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Akafunga daftari, akafunga mkoba, akaingia mvuani bila kuaga.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekuwa nikihesabu Jumamosi. Mwaka ule wa 2012 na mwanzo wa 2013 Obiero alikuwa anaenda Satellite kila Jumamosi. Kuna mashine ya mtu, alisema. Mashine gani inaharibika kila Jumamosi? Na alikuwa anarudi na ndengu, mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa Kasuku, umejaa, zimechambuliwa hazina hata jiwe. Za Kitui, akisema. Mimi nikapika, nikala, nikasifu. Kumbe nilikuwa nakula ndengu za mke mwenzangu na kuomba niongezwe.

Na sauti. Lo, hiyo sauti sasa naisikia vizuri. Ni mwanamke aliye jikoni kwake, asubuhi, ana raha, anamchekea mtu aliyeshika kinasa sauti. Huyo mtu ni nani kama si mume wangu? Halafu akaniletea nyumbani, akaniwekea mezani, nikawa namwamkia kila siku. Nimemwita mama!

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Koti la kijani barazani. Nimewasha mashine nikiwa nimeziba spika kwa kiganja.

Jumanne, 8 Aprili

Maji yameingia hadi mlangoni. Hakuna wateja. Nimefungua programu ya mazishi ya Obiero, ile niliyoichapa mwenyewe kwa mikono hii, macho yamevimba, sikutaka mtu mwingine aiguse. Ukurasa wa pili imeandikwa: mume mwaminifu, baba mwema, fundi hodari. Nimechapa programu za watu zaidi ya mia sita, na hilo neno nimewawekea hata wanaume ambao mtaa mzima ulijua habari zao. Kwa Obiero peke yake sikuliweka kwa mazoea. Nililiweka kwa sababu niliamini.

Nimelifuta. Sasa inasomeka: mume, baba mwema, fundi hodari. Nimehifadhi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mutuku alikuja mchana, akaingia mwenyewe. Amekonda. Hakutoa daftari. Alisema, "Mama Eddah, kuna kitu changu ndani ya hiyo mashine. Na wewe unajua."

Nikamwambia najua sana.

Akasema hataki mashine, hataki faili za wateja, anataka nimruhusu kunakili toleo tu, dakika arobaini, nikiwa nimesimama hapohapo. Nikamwuliza kama CD haipo. Akasema ya mwisho alikuwa nayo Obiero. Nikamwambia ukweli, kwamba CD za Obiero nilizipa kanisa, watoto wa Sunday school wakazitundika kama nyota za Krismasi, na baada ya hapo sijui. Alishika meza.

Nilipomtazama nikapata jibu. Hawa ni Wakamba, yeye na Nduku. Ni dada yake. Pengine kuna mtoto huko Satellite mwenye masikio ya Obiero, na sasa wanatafuta ushahidi wa kuja nao nyumbani kwetu Alego kudai. Nikamwambia atoke. Akatoka, lakini mlangoni akageuka na kusema, "Sikujua Obiero alioa mtu mwenye roho hivi."

Roho yangu! Yangu mimi!

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwita Osewe wa Sarang'ombe, anayetengeneza kompyuta na simu. Nimemwambia afute kila kitu aweke mfumo mpya. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, akasema hii kitu ni antiki, yeye mwenyewe hajaiona tangu akiwa shule. Programu za mazishi akaziweka kwa flashi kwanza. Kabla hajaanza niliwasha mara ya mwisho. Akakohoa. "Haya, karibu." Kifuniko. Kicheko. "Kaa wima." Sikumjibu.

Osewe alimaliza saa saba. Inalia kengele moja tu, ting, basi. Anza haipo, Jalala halipo. Nilimwuliza kama vinaweza kurudi, nilitaka tu kuwa na hakika. Akasema ameandika juu yake, hakuna cha kurudi.

Jumanne, 15 Aprili

Nilimngoja. Saa mbili alikuwa barazani. Nikafungua mlango wazi kabisa, nikaongeza sauti ya spika mpaka mwisho, nikawasha. Ting.

Hakuondoka. Aliendelea kusimama, akingoja. Baadaye akavua kofia ya koti, mvua ikamnyea kichwani, ni kama alidhani kofia ndiyo inamziba masikio. Halafu akaenda polepole kuelekea relini.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka saa nne hivi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua. Mgongo unaniuma. Nimegundua sikai wima.

Jumanne, 22 Aprili

Mfumo wa Osewe umekwama mara tatu leo. Mama mmoja alikuwa anangoja programu ya mwanawe, gari la maiti linaondoka saa tisa, na mashine inazunguka tu. Nduku Saba haikuwahi kunifanyia hivyo. Nimeandika jina lake bila kukusudia.

Koti la kijani halijaonekana.

Alhamisi, 24 Aprili

Audrey amenitia kidonda. Alikuwa anasuka mtu, akaniambia kupitia ukutani, bila mimi kuuliza: "Mama Eddah, yule mzee hakuwa mwizi."

Nikamwuliza kwani sasa amejuaje, na yeye ndiye aliyenitisha. Akasema alifikiria. Asubuhi zile zote alizosimama barazani kwake hakuwahi kutazama kufuli, wala dirisha, wala kufungua kwangu. Alikuwa anafunga macho. Mashine ikishaamka anayafungua, anasema asante, anaenda.

Nikamwuliza, asante kwa nani? Audrey akasema ndiyo maana ananiambia.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda Kawangware. Lazima niandike leo.

Karakana yake haikuwa ngumu kupata, ukiuliza fundi wa CD kila mtu anaonyesha upande wa Satellite. Chumba kimoja, rafu hadi darini, kila CD na lebo ya mkono. Alikuwa anatengeneza pasi. Hakunikaribisha kiti. Nami sikungoja, nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nikamwambia, "Nijibu mara moja niende. Nduku alikuwa nani wa Obiero?"

Aliweka pasi chini. Alinikazia macho, na nikaona uso wake ukibadilika. "Kwani hakukuambia?" akasema. "Kweli hujui?"

Alichukua CD rafuni, akaiweka kwenye mashine kuukuu pale pembeni, akaiwasha. Skrini ikaandika M3. Halafu sauti ya mwanamke, kali, ya haraka, ikajaa chumba kizima: "Wewe Obiero! Hiyo mashine nitaimwagia maji!"

Ilikuwa mimi. Mimi wa miaka kumi na miwili iliyopita, na hasira yangu yote, na nyuma yangu Eddah mdogo anacheka.

Nikakaa bila kukaribishwa. Mutuku akaanza kueleza, na nayaandika kama alivyoyasema. Mwaka 2008 watu walivamia saiba moja, duka la intaneti, hapo Satellite wakitafuta anayetengeneza CD hizo. Fundi mwenyewe alikuwa ameliita toleo lake jina la mke wake, kwa mapenzi, na walichofanya ni kuulizia hilo jina sokoni. Walimchukua mke kwenye meza yake ya mboga. Kuanzia hapo mafundi wakaweka sharti: kila mtu alikuwa bado anataka jina la mke wake kwa kazi, basi mnabadilishana. Mimi naita la mkeo, wewe unaita la wangu, na CD yenye jina la mke wako hailali nyumbani kwako. Mutuku akatengeneza kwa jina langu: Mildred Moja, Mbili, Tatu. Obiero akatengeneza Nduku. Kwa toleo la mwisho wakabadilishana na sauti pia. Saiba kumi na nne za Kawangware zilikuwa zinafunguliwa kila asubuhi na mimi nikitishia kumwaga maji. Watu walikuwa wananingoja, anasema. Wakichelewa kufungua, jirani wanauliza leo Mildred hajagomba?

"Nduku ni mke wangu," akasema. "Alifariki 2014. Obiero alimrekodi hapa, akiwa jikoni. Simu yangu ya wakati huo haikuwa ya kurekodi. Nina picha. Sauti sina."

Ndengu zilikuwa za Nduku, ndiyo. Alikuwa anamfungashia Obiero aniletee mimi. Alisema huyo Mildred anayegomba hivyo lazima ana njaa.

Nilipouliza Nduku ni nani, siku ile, alidhani namdhihaki. Alidhani Obiero aliniambia kila kitu, na kwamba nakataa kumpa mke wake kwa ubaya tu. Mimi namshuku yeye, yeye ananishuku mimi, na Nduku katikati anatukaribisha wote kila saa mbili.

Kisha nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema niliifuta kwa mkono wa Osewe Jumatatu ile, kwa wivu, na haitarudi.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Kwa hivyo Jumanne ile sikuwa nimechelewa kumsikia." Alizima mashine, akaitoa Mildred Tatu, akaifuta kwa shati, akanipa mkononi. Akasema hiyo ni haki yangu. Nikatoka.

Jumapili, 27 Aprili

Nimerudisha lile neno. Mume mwaminifu. Halafu nimelia sana, kwa ajili yake na kwa ajili ya mwanamke ambaye nilikula ndengu zake na kumfuta.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua inapungua. Asubuhi nimewasha, ting, na mdomo wangu ukasema, "Nimekaa, mama." Wenyewe. Nikasimama na kitambaa cha vumbi mkononi. Mimi namjua huyu mwanamke. Najua anavuta pumzi wapi. Najua kikohozi chake si cha ugonjwa, ni cha mtu anayeona haya kuongea na mashine. Najua kifuniko kinaanguka baada ya karibu na kabla ya kicheko. Elfu ngapi za asubuhi? Hakuna mtu duniani aliyemsikiliza kuliko mimi, hata mume wake.

Nimempigia Mutuku simu. Nimemwambia aje Jumamosi saa mbili. Aliuliza kuna nini. Nikasema aje tu.

Jumamosi, 3 Mei

Jua kidogo. Alikuja, akasimama barazani kwa Audrey kama zamani, hakutaka kuvuka mpaka nilipomwita. Nikamketisha kwenye kiti cha wateja. Alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti. Nilimwambia mimi si Nduku na siwezi kuwa yeye, lakini afunge macho. Nilikuwa nimemweka Audrey nyuma ya mabati na kifuniko cha sufuria, na nimemfundisha siku mbili.

Nikawasha. Ting. Nikakohoa.

"Haya, karibu."

Kifuniko kikaanguka. Nikacheka kidogo, kwa puani, vile anavyocheka yeye. "Kaa wima."

Mutuku akanyooka. Mgongo wote, kama mtoto aliyeitwa jina darasani, na machozi yakamshukia hadi kwenye kola. Nilitoa simu nikamwuliza kama nirekodi. Akatikisa kichwa. Akasema ikirekodiwa itakuwa sauti yangu.

Alifuta uso kwa kiganja. Macho bado ameyafumba.

"Rudia," akasema. "Kifuniko kimeanguka mapema."

Nikagonga bati, nikamwambia Audrey aokote kifuniko.